Sekunde Kumi na Mbili za Mutuini

Nilitoka Kangemi asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi. Wiki mbili zilizotangulia nilikuwa nikibeba magunia sokoni. Kabla ya hapo nilikuwa nikikata karatasi kwa mchapishaji mmoja River Road, na kabla ya hapo nilikuwa darasa la saba huko Bungoma, ambako mwalimu wa sayansi alichoka kuulizwa maswali nami nikachoka kunyamazishwa. Miguu ilishika njia ya Kawangware, ikapita Dagoretti, nami nikaifuata. Karibu na Mutuini nikakuta watu wamezunguka shamba la viazi. Katikati ya viazi kulikuwa na ndege nyeupe, mwili mwembamba kama samaki, mabawa marefu kuliko nyumba ya mwenye shamba. Ndani yake alikaa mwanamume mnene akila mandazi.

"Imeishiwa mafuta," jamaa mmoja akanieleza, kwa uhakika wa mtu asiyejua lolote.

Nilichungulia mbele ya ndege, nikachungulia nyuma.

"Mzee, injini iko wapi?"

"Haina."

"Imeibiwa?"

Watu wakacheka mpaka mwenye shamba akasahau viazi vyake. Yule wa mandazi alijifuta vidole taratibu.

"Haijawahi kuwa nayo, kijana. Kuja ushike bawa hapo. Usivute. Shika tu."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Barua ya kuajiriwa ilikuja miaka kadhaa baadaye, na jina langu, Wekesa, likiwa limekosewa. Sasa nimestaafu, na ninyi vijana wa chumba cha alama mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja. Poleni.

Kwa atakayeokota karatasi hizi bila kutujua: glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa juu na ndege nyingine kwa kamba, kisha huachiliwa. Kuanzia hapo rubani hutafuta mahali ambapo jua limepasha ardhi na hewa moto inapanda. Sisi tuliita lifti. Akiipata, anazunguka ndani yake kama mwewe mpaka afike juu, kisha anateleza mbele kutafuta nyingine. Asipoipata anashuka penye viazi. Mtu wa mandazi alikuwa Daktari Macharia, daktari wa meno, ambaye kwa miaka mingi alishuka penye viazi, mahindi, nyasi za ng'ombe na mara moja kwenye harusi.

Uwanja wetu ulikuwa wa nyasi, upande wa magharibi wa jiji, ng'ambo ya bonde kutoka Mutuini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukimbia na ncha ya bawa. Glaida ina gurudumu moja tu tumboni, kwa hiyo ikianza kuvutwa lazima mtu aishike isilale upande, na akimbie nayo mpaka hewa iikubali. Glaida ya pili kwenye foleni ilishikwa na Nyambura, msichana wa Dagoretti aliyekuja uwanjani kuuza chai akabaki. Mimi nilipenda kuuliza ndege inavyopaa. Yeye alipenda kupaa. Badala ya chai walianza kumlipa kwa safari za angani, siku za katikati ya wiki, ndani ya glaida ya mbao iliyokuwa kuukuu kutuzidi sote.

Aliyenitoa kwenye kukimbia ni Mwalimu Rhoda, mkuu wa alama. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, miwani yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu, na alikuwa na penseli mbili: moja ya kuandikia, nyingine ya kuonyeshea makosa.

"Wekesa, ulisoma ukafika wapi?"

"Darasa la saba, Mwalimu. Sikumaliza."

"Kugawanya mlifika?"

"Walifika. Siku hiyo nilikuwa mgonjwa."

Akanifundisha kugawanya kwa githeri, mahindi upande huu, maharagwe upande ule, na hakuniruhusu kula mpaka jibu litoke. Nilijifunza haraka.

Sasa nije kwenye kanuni, maana ndizo kazi yenyewe. Siku ya mashindano marubani wote hupewa njia moja: wazunguke mlima Suswa, waende kona nyingine kusini, warudi. Anayeshinda si anayerudi kwanza. Ni aliyetumia muda mfupi zaidi tangu alipovuka mstari wa kuanzia mpaka aliporudi. Mlango wa kuanza, tulivyouita, hufunguliwa wa mwisho kwenye foleni akishapata nusu saa ya kupanda, ili aliyepaa mapema asipate faida ya kuamka mapema. Baada ya hapo kila mtu anaanza atakapo, na anaweza kurudi akaanza upya. Mwanzo wake wa mwisho ndio unaohesabiwa. Wa kwanza wa siku anapata alama elfu moja. Wengine wote wanapimwa kwa mwendo wake. Wa viazini anapata alama za umbali, na pole.

Kanuni nzuri sana, isipokuwa kwa jambo moja. Lifti haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni mwenzako anayezunguka ndani yake. Anayetangulia anawatafutia lifti walio nyuma, kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia. Nimeona watu wazima, wenye nyumba na madeni, wakizunguka juu ya vichwa vyetu saa nzima, mlango uko wazi, kila mmoja akimngojea mwenzake aondoke. Redioni waliongopeana bila aibu. "Hapa hakuna kitu, nafikiri nashuka," alisema mtu tuliyemwona kwa darubini akipanda kama moshi. Bingwa wa kungojea alikuwa Daktari.

"Mimi simfuati mtu," alizoea kusema. "Tunaelekea upande mmoja tu."

Ushahidi ulikuwa picha. Kila rubani alifunga kamera dirishani, akapiga picha ya nguzo ya mstari kabla ya kuuvuka na picha nyingine kwenye kila kona. Jioni nilikimbiza mikanda River Road kwa fundi picha mmoja mwenye haraka na usahaulifu. Kuna mwaka alitupa bahasha ambamo rubani, badala ya kuzunguka Suswa, alikuwa anakata keki na bibi harusi. Mwalimu Rhoda aliitazama kwa muda mrefu, akaandika: kona haijathibitishwa.

Mstari wenyewe ulikuwa nguzo mbili. Ya karibu ilisimama hatua tatu mbele ya benchi langu. Ya mbali ilikuwa ng'ambo ya bonde, hatua kama mia mbili, katika shamba la Mama Wairimu, mjane wa Mutuini mwenye ng'ombe wawili na ulimi wa watu wanne. Nililala chali benchini, nikazilinganisha nguzo zikawa moja, na hapo nilikuwa nimechora ukuta usioonekana kwenda mpaka mbinguni. Pua ya glaida ikigusa ukuta, nabonyeza saa. Kila asubuhi ya mashindano nilitakiwa kuvuka bonde na kupima kwa kamba kama nguzo ya mbali iko mahali pake, kisha kunywa chai ya Mama Wairimu. Kunywa chai hakukuwa kwenye kanuni lakini sikuwahi kukuacha.

Mwaka ninaotaka kuwaeleza, mshindi angepata nafasi moja ya kwenda ng'ambo miezi mitatu kusomea ualimu wa glaida. Nyambura wakati huo alikuwa rubani kamili, bado na ile glaida ya mbao, na hadi asubuhi ya siku ya mwisho alikuwa anaongoza. Kwa Daktari, wa pili, nafasi hiyo ilikuwa likizo. "Nitafunga kliniki," alisema. "Meno hayaendi popote." Kwa Nyambura ilikuwa kazi. Bila cheti hicho angeendelea kukunja kamba na kufagia banda, na glaida ya mbao isingemaliza mwaka mwingine. Kila mtu uwanjani alilijua hilo, hata Daktari, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anapenda kushinda.

Asubuhi hiyo sikuvuka bonde. Fundi wa ndege ya kuvuta alikuwa ameifungua injini yote, na mimi kichwa changu kilikuwa ndani yake nikiuliza hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini. Niliposikia kengele nilikimbilia benchi, nikalala, nikakuta nguzo hazilingani. Nikajiambia wale vijana wanaokunja kamba za kuvutia wamekalia benchi langu tena wakalisukuma. Nikalisogeza futi moja. Zikalingana. Nikafurahi.

Mlango ukafunguliwa. Nyambura akazunguka, Daktari akazunguka nyuma yake. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Mwishowe Nyambura akavuka mstari na kushika njia ya Suswa, na Daktari akamfuata mbio. Walipokuwa wadogo kama nzi, Nyambura akageuka akarudi, akapita juu ya benchi langu na kuanza upya.

"We Nyambura, unarudi wapi tena?" Daktari aliuliza redioni.

"Nimesahau kikoi, Dakitari."

Daktari akawa peke yake mbele bila mtu wa kumfuata. Ilibidi arudi pia, akapita juu ya nyumba ya Mama Wairimu, akakata kona kwa hasira na kuvuka mstari mbali sana, upande wa Mutuini. Nikabonyeza saa. Walirudi wote wawili. Daktari alikuwa wa kwanza wa siku. Jioni picha zikaja, kona zote zipo, Mwalimu Rhoda akajumlisha siku zote na kubandika matokeo ya muda ukutani. Daktari kwanza. Nyambura wa pili, nyuma kwa alama moja. Malalamiko mwisho kesho saa nne asubuhi.

Nyambura alisoma karatasi ile, akaenda kufunika glaida yake kwa turubai.

Jumapili saa mbili asubuhi nilivuka bonde kwenda kung'oa nguzo, maana msimu ulikuwa umekwisha. Nikaikuta kando ya nyumba ya Mama Wairimu, hatua ishirini kutoka shimo lake, imefungwa kamba, na juu ya kamba shuka mbili za maua mekundu. Benchi halikuwa limesogezwa na mtu. Nilikuwa nimeufuata mstari uliopinda, na aliyevuka juu ya kichwa changu hakudhurika, lakini aliyevuka upande wa Mutuini nilimbonyezea saa kwa kuchelewa. Muda wake wote ulionekana mfupi kuliko ulivyokuwa.

Sitadanganya, niliwaza kunyamaza. Nikisema, itajulikana sikupima nguzo. Tena nani angeamini? Rafiki yangu ameshindwa kwa alama moja, na asubuhi yake mimi nimegundua nguzo imetembea. Nilivuka bonde nikirudi polepole kuliko siku zote, na nilipofika nikamwambia Mwalimu Rhoda kila kitu, nikianza na injini.

"Twende tukaone," akasema. "Na Daktari aje. Na Nyambura."

Tulivuka sote wanne. Mama Wairimu alituona tukishuka bondeni, mmoja na karatasi, mmoja na tumbo la kiofisa, na tulipofika nguzo ilikuwa imesimama wima ndani ya shimo lake. Shuka zilikuwa zimetandazwa juu ya ua.

"Mama, habari ya asubuhi," Mwalimu akaanza. "Hii nguzo jana ilikuwa wapi?"

"Nguzo gani? Hii? Si imekuwa hapa tangu muilete."

"Mama Wairimu!" nikasema. "Nimetoka hapa sasa hivi!"

"Ulikuja? Mbona hukukunywa chai?"

Kosa lilikuwa langu. Mwaka wa kwanza, ili asifungie ng'ombe pale, nilimwambia nguzo ile ni ya serikali na anayeigusa anafungwa. Sasa serikali ilikuwa imekuja.

Daktari aliuweka mkono wake begani mwangu kwa upole.

"Wekesa, rafiki yako ameshindwa, nguzo ikatembea. Tumekuja kuiona, nguzo ikarudi. Hata jino la maziwa halichezi hivyo."

"Wachana na hii kitu," Nyambura akaniambia. Alikuwa ananitazama vibaya kuliko Daktari. "Nikienda, niende kwa alama zangu. Sitaki watu waseme uliniokotea."

Mwalimu Rhoda alitazama saa. "Ni saa tatu na dakika tano. Tuna dakika hamsini na tano, na mnazitumia kupiga kelele. Daktari, wewe ulivuka mstari upande gani?"

"Kule mbali, baada ya kupita juu ya hii nyumba."

"Na ulipiga picha?"

"Si ni lazima?"

Tulirudi uwanjani, na Mama Wairimu akaja nasi akiwa amejifunga leso mpya, kwa sababu hakutaka kusemwa akiwa hayupo. Picha ya Daktari ya nguzo ilikuwa kwenye bahasha, mahali tulipoiweka usiku. Sote tulikuwa tumeiona. Hakuna aliyeitazama, maana tulikuwa tunatafuta kona. Mwalimu akaiweka mezani, akaweka kioo cha kukuzia juu yake. Kabla hajainama, Mama Wairimu alikuwa ameshainama.

"Woi! Hiyo si ni nyumba yangu?"

Mwalimu alimsogezea kioo.

"Na ng'ombe! Ona Kamwana vile amekuwa mdogo! Na shuka zangu za maua, ona, hata kamba inaonekana, nimefunga kwa hii nguzo yenu..." Akainua kichwa. Akaamua kwamba lililobaki ni kushambulia. "Sasa, mbona hamkuniambia mnapiga picha? Ningeanika ile ya bluu."

Daktari aliomba kioo. Alitazama muda mrefu kama anayetafuta tundu kwenye gego.

"Ni kweli," akasema. "Nguzo iko kando ya nyumba. Na nilizipenda hizo shuka nikiwa juu."

Mwalimu Rhoda alipima kwa rula toka kona ya nyumba, kisha akatoa penseli. Hatua ishirini pale kwa Mama zilikuwa karibu mita mia tano kule alikovukia Daktari, kilomita kama tano mbele, na kwa mwendo aliokuja nao zilikuwa sekunde kumi na mbili. Akawasahihisha wote waliopitia upande huo. Hapa sikilizeni, ninyi wa kompyuta, maana mashine itawapa jibu bila kuwaonyesha uzuri wake. Daktari alibaki wa kwanza wa siku ile. Alama zake elfu hazikuguswa hata moja. Lakini wengine hupimwa kwa mwendo wake, na mwendo wake ulipopungua kidogo, wao wakapanda kidogo. Nyambura alipanda alama mbili. Zilitosha kumweka mbele kwa moja.

"Ngoja," Daktari akasema. "Hamjanipunguzia kitu?"

"Hatujakupunguzia."

"Basi nimeibiwa na hakuna kilichochukuliwa." Akamgeukia Nyambura. "Ile ya kikoi ilikuwa mbaya sana. Utaenda ufundishe watu hiyo?"

"Hiyo kwanza," Nyambura akasema, na ikabidi atoke nje akaangalie kama turubai limekaa vizuri. Lilikuwa limekaa vizuri tangu jana. Alikaa huko nusu saa.

Saa nne kamili Mwalimu alibandika karatasi mpya. Daktari alitia sahihi ya kwanza chini yake, kwamba hana malalamiko. Kisha Mwalimu akanigeukia mimi.

"Kosa si la shuka. Mama alihitaji pa kuanika. Kosa ni la benchi. Uliona vitu viwili havilingani ukasogeza kilicho karibu na mkono wako."

Sijawahi kuambiwa neno la kweli zaidi ya hilo, na linahusu mambo mengi yasiyo ya ndege. Siku hiyo hiyo liliingia kwenye kanuni zetu, kwa maneno makavu zaidi: nguzo zisipolingana, asiguse mtu kitu mpaka zote mbili zimetembelewa kwa miguu. Ikaongezwa na nyingine, ambayo niliambiwa si adhabu: mtunza mstari atalala upande wa nguzo ya mbali.

Wiki iliyofuata Nyambura alisafiri. Mimi nilifunga godoro langu nyuma ya boda boda pale Kangemi, nikashika njia ya Mutuini. Mwendeshaji aliniuliza nahamia kwa nani, nikamwambia kwa nguzo, na hakuniuliza lingine njia nzima.

Mama Wairimu alikuwa uani na beseni. Hakuacha kufua.

"Ni wewe serikali imeleta?"

"Ni mimi, Mama."

"Chumba ni kile cha nyuma ya ng'ombe. Dirisha linafunguka ukilipiga na goti. Asubuhi usiulize maswali kabla sijamaliza kukamua." Akaichomoa shuka majini, akanirushia pembe moja. "Shika hapo. Usivute. Shika tu, nikunje upande huu."

Nilishika. Tulipomaliza aliniletea jembe bila kusema, akanyoosha kidole kando ya nyumba, nami nikaanza kuchimba shimo la nguzo yake mwenyewe ya kuanikia kabla sijaingiza godoro ndani.